Maiti Iko Jacobs

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka Durban tangu alfajiri, upepo ukivuma kutoka kusini, na joto halikuzidi nyuzi kumi na tisa. Niliegesha gari Greyville, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, nikafunga vifungo vyote vya koti langu jeusi, kisha nikaenda kuuliza habari za maiti.

Kwa msomaji anayeanza safu hii leo, nitasema kwa ufupi.

Mimi ni Josphat, mhadhiri, mkazi wa Westville, na mzee wa kanisa katika ushirika wa Wakenya wa mji huu. Mwezi Septemba ushirika ulinituma nikachunguze maduka ya bangi ya Greyville, kwa kuwa wazazi walilalamika juu ya watoto wao wanafunzi. Sheria ya nchi hii inamruhusu mtu mzima kuvuta faraghani kwake. Kuhusu kuuza, sheria haijanyooka. Ndiyo sababu maduka hayo hujiita klabu na wateja wake huitwa wanachama. Nilizuru matatu. Katika la tatu, linalojiita nyumba ya kahawa, niliona ukutani picha ya wafanyakazi. Uso mmoja ulikuwa wa Lenny.

Lenny nilisoma naye shule ya bweni, Bonde la Ufa. Mwaka 1997, zikiwa zimebaki wiki tatu tufanye mtihani wa kidato cha nne, alifukuzwa kwa kukutwa na pakiti ya bangi sandukuni. Mimi nilikuwa kiranja mkuu. Mimi ndiye niliyeongoza msako.

Nilimuuliza mwanamke wa kaunta, Mkongo aitwaye Peguy, Lenny yuko wapi. Alitikisa kichwa.

"Haiko tena, papa. Alishaendaka. Iko Jacobs."

Sikuuliza la pili. Nilipata tuzo ya Kiswahili miaka minne mfululizo, na sarufi haijanitupa bado. Mtu yuko. Kitu kiko. Iliyo "iko" ni maiti. Jacobs ni mtaa wa viwanda, kusini mwa mji. Bila shaka chumba cha kuhifadhia maiti kilikuwa huko.

Siku hiyo hiyo niliwaandikia wenzetu tuliosoma pamoja, wanaume arobaini na mmoja: "Ndugu zangu, Lenny hayupo tena. Maiti iko Jacobs." Walilia. George, mwenyekiti wetu aliye Nairobi, akapanga ibada ya kumbukumbu, ifanyike ukumbini kwetu Westville na wao waifuatilie kwa video. Siku iliyopangwa ilikuwa hii Jumamosi, saa nane mchana.

Lakini hakuna chumba cha maiti kilichomjua Lenny. Nilipiga simu kote. Nikadhani jina limeandikwa vibaya.

Tena kuna jambo ambalo sikuliandika wiki iliyopita, kwa aibu. Tangu nilipotangaza kifo hicho, Lenny alianza kunifuata. Nilimwona kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, akingoja kuvuka: miaka kumi na saba, sweta ya kijivu, sanduku la bati kichwani. Nilimwona safu ya nyuma ya ukumbi wa mihadhara, amelipakata sanduku lile. Nikimkazia macho, hutoweka. Nikigeuka, nasikia komeo la bati likigonga. Ta. Ta.

Basi nikaingia dukani.

Palikuwa kimya kama maktaba. Mitungi ya vioo ilijipanga rafuni, kila mmoja na kibandiko chake kilichoandikwa kwa mkono. Mama mmoja wa makamo, mwenye ushungi, alikuwa akichagua mafuta ya kuchua magoti. Harufu ilikuwa ya kahawa, na chini ya kahawa ile harufu nyingine ninayoijua kuliko ninavyopenda kukiri.

"Bonjour, papa! Weye tena?" Peguy alicheka. "Leo utajaza form, ao umekuja kutuhubiria?"

"Nimekuja kwa sababu ya maiti."

"Maiti gani?"

"Ya Lenny."

Mtungi ulimponyoka, ukapasuka miguuni pake.

"Lenny alikufaka? Mungu wangu! Lini? Mais jana magaribi tuliongea naye!"

Mama mwenye ushungi alisema, "Innalillahi," akatafuta kiti.

"Mama Peguy," nilisema, "ni wewe uliyeniambia."

"Miye?"

"Ulisema haiko tena. Ukasema iko Jacobs."

"Njo, ndiyo! Iko Jacobs! Iko kazi kule! Patron alimuhamishaka kule kwa depo!"

"Mtu hawi iko, mama. Mtu huwa yuko."

Aliacha kupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu aliyevaa tai.

"Eish! Papa, kwetu mutu iko, mbuzi iko, na Mungu iko! Weye umeua mutu sababu ya grammaire?"

Peguy alikwisha kutoa simu yake, akaiweka juu ya kaunta ili sote tusikie. Ililia mara tatu.

"Peguy, sema."

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu mzima, lakini mwanya ule wa kusitasita kabla ya neno la kwanza niliujua.

"Lenny, iko mutu hapa anasema ulikufaka."

"Nani?"

"Papa moja ya Kenya. Murefu. Koti nyeusi. Anaongea Kiswahili kama Biblia."

Nilisikia mashine ikinguruma huko aliko.

"Mwambie Kiranja aje mwenyewe athibitishe," sauti ilisema. Simu ikakatika.

Mama wa ushungi alicheka mpaka akashika magoti yake. "Pole, baba. Kumbe marehemu ana majibu."

Niliendesha gari kuelekea Jacobs. Nilitarajia kwamba yule kijana wa sanduku angetoweka sasa, maana aliyemwiga yuko hai. Haikuwa hivyo. Kwenye robot ya pili alikuwa amesimama palepale, mvua ikimpiga, wala haimlowanishi. Taa ikawa ya kijani. Magari yakanipigia honi nyuma. Sikuweza kuondoka mpaka ikarudi kuwa nyekundu.

Depo ilikuwa kati ya kiwanda cha rangi na karakana ya malori. Mlinzi alinifungulia. Ndani, matawi yaliyokauka yalining'inia vichwa chini, safu juu ya safu, na feni zikiyapepea taratibu. Mwanaume mwenye mvi ndevuni, miwani na aproni nyeupe, alikuwa akipima kitu kwenye mizani ndogo. Hakuinua uso.

"Umenenepa, Kiranja."

"Lenny."

"Peguy amenisimulia. Sema 'yuko'. Nataka kulisikia mwenyewe."

"Lenny yuko."

"Haya. Sasa sijafa." Alizima mizani. "Bila shaka umewatangazia wenzetu. Wamelia?"

"Wote arobaini na mmoja."

"Hata George?"

"Hata George."

"George aliniibia soksi zangu za michezo kidato cha pili. Mwambie nazitaka."

Nilijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Alinionyesha kiti, akanimiminia kahawa. Akasema kahawa ile alijifunza kuipika Uholanzi. Miaka kumi na mmoja alisimama nyuma ya kaunta ya duka la bangi, katika mtaa wa wahamiaji, ambako mteja haruhusiwi hata glasi moja ya bia. Huuliza vitambulisho, huwatoa nje watoto wa shule, hufunga kwa saa. Durban walimwajiri kwa ujuzi huo.

"Mimi ni mkali kaunta kuliko wewe bwenini," alisema. "Nilitaka kuwa daktari. Nimekuwa mtu wa kuwauliza watu umri wao."

"Lenny, ninataka..."

"Funguo za bweni zilikuwa mbili," alinikatiza. "Moja ya mwalimu wa zamu, nyingine yako. Mwalimu wa zamu siku hiyo alikuwa hospitalini. Nimelifikiria hilo katika nchi tatu. Nataka ulijibu katika hii ya nne."

Msomaji, majuma haya yote nimekwambia kwamba pakiti ilikutwa sandukuni mwa Lenny. Sikukwambia nani aliiweka.

Ilikuwa yangu. Niliinunua kwa mpishi. Nilivuta mara moja tu, nyuma ya nyumba ya pampu, nikaogopa, nikaificha chini ya godoro. Siku ya msako, naibu wa mwalimu mkuu alinipa dakika kumi niwapange wanafunzi mstarini. Kati ya masanduku ya bweni letu, moja tu halikuwa na kufuli, kwa sababu mwenyewe alikuwa maskini wa kufuli. Nilifungua komeo lake, nikaitia chini ya daftari la baiolojia, nikafunga. Ta. Ta. Kisha nikasimama mbele ya wenzangu, beji kifuani, nikasema, "Shule hii haina nafasi ya waongo."

"Ni mimi," nilimwambia Lenny.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Asante," alisema. "Unajua, hukukosea sana. Yule kijana uliyewatangazia amekufa kweli. Umechelewa tu kutoa taarifa."

Simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa George. Niliusoma mara mbili.

"Kuna nini?"

"George amempata baba yako. Yuko kwa dada yako, Kericho. Wamempa habari juzi. Hajala tangu Alhamisi. Watamweka kwenye video saa nane, asikie ibada."

Feni ziliendelea kuvuma.

"Mpigie," nilisema. "Mpigie sasa hivi, Lenny. Ana miaka themanini na nne. Anamlilia mtu aliye hai."

"Analia?"

"Hajala, nimekwambia."

"Yule mzee?" Sauti yake ilikwaruza. "Uliponileta nyumbani na gari la shule, ulikaa sebuleni kwetu, ukanywa chai yetu, ukamsomea mashtaka. Nilimwambia, 'Baba, si yangu.' Aliniambia nini? Hakuna. Wiki mbili nzima hakunisemesha. Yeye, mwalimu wa shule, Kiranja! Angeweza kuandika. Angeweza kwenda kumwona mwalimu mkuu. Hakuandika hata mstari mmoja. Siku ya kumi na tano nikachukua shati langu nikaondoka."

Nilitazama kikombe changu.

Hapa, msomaji, ndipo ninapostahili kuhukumiwa, na wala si penye pakiti. Maana mzee yule aliandika. Nilipomaliza chai yake alinifuata mpaka garini, akanipa bahasha mkononi, akasema, "Wewe ni kiranja, mpe mwalimu mkuu mwenyewe." Niliifungua njiani. Niliisoma. Niliona kwamba ikifika, kesi itafunguliwa upya, na kesi ikifunguliwa, mtu atauliza habari za funguo. Niliichana vipande vidogo dirishani, kilomita nne kabla ya lango la shule.

Lenny alijua la kwanza. La pili hakulijua mtu yeyote duniani isipokuwa mimi. Ilinitosha kufungua kinywa. Sikufungua.

"Saa mbili zimebaki," alisema. "Sitampigia. Utakwenda kwenye ibada yako. Utasimama, utasoma hizo sifa za marehemu, na badala ya sifa utasema pakiti ilikuwa ya nani. Asikie kwanza kwamba sikumdanganya. Kisha anione."

"Ni ukatili kumwacha mzee..."

"Amenizika miaka ishirini na minane. Saa mbili nyingine hazitamuua."

"Nikisema hayo, Lenny, nimekwisha. Ushirika, wenzetu, kazi."

"Najua. Mimi nilikwisha nikiwa na miaka kumi na saba, na sikuwa hata na kazi ya kupoteza." Alivua aproni. "Nitakaa nyuma. Twende na gari lako, langu halina kioo."

Barabara ilikuwa na foleni ndefu ya malori. Kwenye robot ya Jacobs kijana wa sanduku alituona sote wawili garini. Kwa mara ya kwanza hakunitazama mimi. Alimtazama Lenny, na Lenny akapandisha kioo kama mtu aliyehisi baridi.

Saa nane kasoro dakika tano tuliingia ukumbini. Jacinta, mke wangu, alikuwa ameweka kompyuta mezani mbele na kuiunganisha na projekta iliyoelekea ukuta mkubwa mweupe. Watu kumi na wawili wa ushirika walikuwa wameketi na programu mapajani. Juu ya jalada palikuwa na picha ya Lenny ya kidato cha nne. Lenny mwenyewe alichukua nakala moja, akaiangalia, akaketi safu ya mwisho na kofia machoni. Hakuna aliyemjua.

Ukutani zilijaa nyuso za Nairobi, Eldoret, Dubai. Katikati yao dirisha moja lilionyesha dari, kisha mkono, kisha uso wa mzee aliyekonda, kofia ya sufu kichwani, akiisogelea mno kamera.

"Wananiona?" mzee aliuliza.

"Tunakuona, Mwalimu," alisema George. "Pole sana. Wengine wote, zimeni maikrofoni. Nani huyo anakaanga kitu? Zima, ndugu yangu, tuko msibani."

Sala ilifanyika. Wimbo uliimbwa, kila mji na kasi yake. Kisha George akasema kwa sauti ya mazishi, "Sasa tumsikilize kaka yetu, kiranja wetu mkuu, mtu aliyeshinda na maiti Jacobs siku zote hizi kwa niaba yetu. Josphat."

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nilizikunja, nikazitia mfukoni.

"Lenny alifukuzwa shule kwa ajili ya pakiti ya bangi," nilisema. "Pakiti ile ilikuwa yangu. Niliinunua mimi. Niliitia mimi sandukuni mwake, kwa mkono huu, dakika kumi kabla ya msako. Alisema si yake, na alisema kweli."

Programu moja ilianguka sakafuni.

"Josphat," George alisema kwa upole, "huzuni imekuzidi. Kaa kidogo, unywe maji. Shemeji Jacinta, hebu mpe maji."

"Sina huzuni, George. Nina kosa."

"Bwana, kuna wageni kwenye hii video..."

"Mwacheni aseme." Ilikuwa sauti ya mzee. Nyuso zote zikatulia. "Wewe ni yule kiranja. Sikio lako la kushoto lina kovu."

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Kwa hiyo mwanangu hakunidanganya."

"Hakukudanganya."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Halafu akasema, "Amekwenda kabla sijamwambia."

Kiti kilikwaruza nyuma yangu. Lenny alikuja mbele kwa hatua ndefu, akavua kofia, akasimama penye mwanga wa ukuta hata nyuso za wenzetu zikamwangukia shatini.

"Sijafa, Baba."

Mwanamke mmoja wa ushirika alipiga yowe. Ukutani wanaume wote walisema pamoja, na kompyuta ikashindwa kuchagua nani asikike. Jacinta aliinama akazima sauti zote, akaacha moja.

"Huyo nani?" mzee aliuliza. Aliisogelea kamera mpaka likabaki jicho tu. "Huyo mwenye ndevu, nani?"

"Ni Lenny. Hawa walikosea. Niko hai."

Jicho lilifumba, likafumbua.

"Umezeeka," alisema mzee.

"Wewe pia."

"Ulikwenda bila kuniaga."

"Hukuwa ukinisemesha, Baba! Nikuage vipi? Wiki mbili nilikaa katika nyumba ile kama kiti. Nilikwambia si yangu, ukanyamaza. Hukuandika kwa mwalimu mkuu hata mstari mmoja."

"Niliandika."

Lenny alishika ukingo wa meza.

"Niliandika chumbani, huyu akinywa chai sebuleni," alisema mzee. "Nilimpa kiranja huyo apeleke. Nikasema nisikuahidi kitu kwanza, nisije nikakupa tumaini la bure. Nitasema nawe jibu likija. Nilingoja jibu. Jibu halikuja. Walinidharau. Nilipotaka kwenda mwenyewe, wewe ulikuwa umeondoka."

Lenny aligeuka, akanitazama.

Nakiri kwamba wakati huo akili yangu ilifanya kazi kwa wepesi iliyoupata shuleni. Mwalimu mkuu alikwisha kufariki, miaka tisa sasa. Naibu wake pia. Ilikuwa inatosha niseme: nilipeleka, wakaitupa. Nani angenipinga? Nilikuwa nimekwisha kulipa nilichodaiwa; mbele ya watu wote nilikuwa mtenda dhambi aliyetubu, na mtu kama huyo husamehewa, hata hupendwa. Niliona Jacinta akinitazama, macho yamelowa, na ndani yake kulikuwa bado na heshima kidogo.

"Kiranja," Lenny alisema. "Barua."

"Sikuipeleka," nilisema.

Macho ya Jacinta yalishuka chini.

"Niliifungua garini, nikaisoma, nikaichana. Mwalimu mkuu hakuiona kamwe. Hakuna aliyemdharau baba yako, Lenny. Ni mimi tu niliyejua kwamba aliandika, na kule depo uliponiambia hakuandika, nilikusikia, nikanyamaza tena."

Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari, na ningeshukuru. Lakini aliyesema alikuwa mzee.

"Uliisoma?"

"Niliisoma, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Mara nyingi. Kabla ya kuichana, na baada ya kuichana."

"Bado unayo kichwani?"

"Ninayo."

"Basi mpe mwenyewe," alisema mzee. "Mimi nimesahau maneno. Mpe."

Nilimwelekea Lenny. Nilisimama wima, mikono ubavuni, jinsi tulivyofundishwa kusimama tukitoa taarifa. Nikasema:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mwalimu mwenzako wa miaka ishirini na mbili, nami najua watoto husema uongo. Huyu wangu ameniambia kitu kile si chake, nami nimemwamini. Naomba umruhusu afanye mtihani, hata akiwekewa dawati nje barazani, peke yake. Nitakuja mimi mwenyewe kila siku ya mtihani, nikae karibu naye tangu asubuhi mpaka jioni, ili msiwe na shaka. Ikionekana baadaye kwamba amenidanganya, nitaandika barua ya kuacha kazi na kuileta kwako kwa mkono. Sitaki mwanangu apungukiwe na kitu kwa sababu mimi ni mtu mdogo. Ni mimi, mtumishi wako mtiifu. Tarehe ishirini na tisa Septemba, 1997."

Nilimaliza. Barua ilikuwa imefika.

Lenny hakuangalia mtu. Alikwenda mezani, akaigeuza kompyuta imwelekee yeye, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na kioo. Ukutani bado tulimwona mzee, mkubwa kama nyumba, akinyoosha kidole kugusa kitu ambacho hatukukiona.

Nilisogea, nikanyoosha mkono.

Lenny hakuupokea.

"Umeshalipa," alisema bila kugeuka. "Sasa toka nje."